Shuka Jeupe Nyuma ya Wazee

Siku nilipoona kwa mara ya kwanza picha niliyoipiga mwenyewe imeegemezwa kwenye jeneza, nilivimba kichwa. Ilikuwa Kimamba, chini ya turubai, msibani kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli pamoja na baba yangu. Watu walipita kutoa heshima za mwisho, na kila aliyepita aliinama kuitazama picha kabla ya kumtazama marehemu. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu mkekani alimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye yeye kabisa. Unaona anavyotaka kukukemea?" Nikainamisha kichwa kama mwenye huzuni, kumbe ndani nachekelea. Nilirudi Kilosa nimeshiba wali wa msiba na sifa za watu.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Nauza dawa katika duka dogo karibu na soko la Kilosa, na kamera niliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi nilimwachia mwenzangu kaunta, nikapanda bodaboda kwenda popote penye sura nisiyoijua. Na niseme mapema kwamba ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa nyoka, naogopa mto Mkondoa ukifura, naogopa bodaboda anayeendesha huku simu ameibana kati ya sikio na bega. Zaidi ya yote naogopa kukodolewa macho. Kamera ilinitibu hilo la mwisho, kwa sababu ukiishika mbele ya uso, wewe ndiye unayekodoa.

Niliwapenda wazee. Vijana wakiona kamera wanabinua midomo na kugeuza shingo, halafu wanataka kuiona picha papo hapo na kuifuta kama pua imetokea kubwa. Mzee anakaa. Nilikuwa na utaratibu wangu: kiti chake mwenyewe kitolewe nje ya mlango, avae nguo ya kwendea kanisani au msikitini, na nyuma yake nitundike shuka jeupe nililolipata mtumbani. Shuka jeupe linaufanya uso usimame peke yake, kila mkunjo ukaonekana. Hayo niliyasoma kwenye simu na nikayashika kama mtoto wa kipaimara anavyoshika Amri Kumi. Picha nilikwenda kuzichapisha Morogoro, nikawapelekea wenyewe bila kuwadai kitu.

Baada ya yule mzee wa Kimamba akafuata bibi mmoja wa Tindiga, mkulima wa mpunga, niliyempiga wakati wa mavuno akiwa na makapi kwenye nyusi. Habari za kifo chake nilizisikia dukani, kwa mteja. Halafu babu mmoja wa milimani, ambaye bado alikuwa anateremka na mzigo wa maharage kichwani wiki niliyompiga. Kote picha iliyobebwa mbele ya jeneza ilikuwa yangu. Kwetu mtu anazikwa na picha yake ikiongoza njia, mjukuu ameishika kifuani, na familia nyingi hazina picha nyingine yoyote nzuri. Kwa hiyo nilijiambia kwamba nafanya jambo jema.

Mwanamke anayeuza ndizi pembeni ya duka letu ndiye aliyeniambia kwa kicheko. Alikuja kuchukua dawa ya malaria, akaniangalia ninavyoifunga, akasema, "Dada wewe una kazi mbili nzuri. Wiki inaanza unamuuzia mtu dawa, Jumamosi unampiga picha, na kabla mwezi haujaisha yuko chini." Nikacheka. Yeye pia akacheka, lakini ile dawa aliipokea kwa ncha za vidole.

Nilikasirika siku nzima. Nikajipa hesabu ya mtu mwenye akili: nawapiga wazee, wazee wana presha, wana kisukari, wana vifua, na mimi mwenyewe ndiye ninayewauzia vidonge. Wazee hufariki. Ningekuwa nawapiga picha wanafunzi wa darasa la kwanza, nisingemzika mtu. Kichwa kilielewa vizuri kabisa, lakini tumbo halikuelewa. Nilipofungua picha zangu kwenye kompyuta sikuona tena sura, nikaanza kutafuta nani anafuata. Huyu hapa amekonda shingo. Yule pale midomo imekauka. Nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje penye watu.

Ndipo nikafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka nauma ulimi. Nikaanza kuwapigia simu. Nilikuwa na namba zao au za watoto wao, kwa ajili ya kupeleka picha, basi nikawa napiga kuhakikisha tu kwamba wazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, yule wa picha."

Nikasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Unasemaje?"

"Nilitaka kujua unaendeleaje tu, bibi."

"Naendelea. Kwani umesikia nini?"

Hapo nilisema sikusikia kitu, nikamtakia siku njema, na roho ikatulia hadi kesho yake. Yule bibi nilimpigia tena wiki iliyofuata. Simu ikapokelewa na binti yake, sauti kavu. "Dada, nakuomba usimpigie tena mama. Tangu umpigie hali chakula." Sikuwa nimewaza kabisa upande wa pili wa ile simu. Mimi nilikuwa nakimbia hofu yangu, kumbe naigawa nyumba kwa nyumba. Haukupita muda maneno yakarudi dukani: yule wa picha sasa anapiga simu kuuliza kama bado.

Ningeacha pale pale. Lakini rafiki yangu mmoja anayeuza vitenge, ambaye ameolewa Mikumi, alikuwa ameshaniomba siku nyingi nikampige picha mama mkwe wake. Nikajidanganya kwamba Mikumi ni mbali, maneno ya Kilosa hayajafika. Mikumi yenyewe ipo kwenye barabara kuu, malori yanalala pale, na kila habari ya nchi hii inapita pale kunywa chai. Ningefikiri kidogo tu ningelijua hilo.

Nyumba ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Mama mkwe alikuwa mama mchangamfu, amevaa sare yake ya kanisani, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi hadi kinasimama. Tulisalimiana, akaniuliza wazazi wangu hawajambo, akataka kujua kama kwenye picha anaweza kushika Biblia. Nikamwambia anaweza. Nikafunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye mti wa mpapai, nikatundika shuka, nikampiga picha kadhaa. Alikuwa ananitazama kwa jicho moja kali na jingine la utani, na kwa muda mfupi nilisahau yote. Nilikuwa mimi na uso wa mtu, basi.

Mwanawe wa kwanza akaingia uani akiwa na mikono ya grisi. Aliliona lile shuka kabla ya kuniona mimi.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna aliyefariki," mama yake akamjibu. "Napigwa picha."

Yule kijana, mtu mzima tu mwenye mvi za kwanza, akanigeukia. "Wewe ndiye wa Kilosa? Wa duka la dawa?"

Nilitaka kusema hapana. Badala yake niliitikia kwa kichwa.

"Unawatandikia wazee sanda," alisema, tena kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyonitisha zaidi. "Unawatandikia wakiwa hai, halafu unapiga simu kuuliza. Kwa mama yangu umefuata nini?"

Nikaligeukia shuka langu. Naapa sikuwahi kuliona hivyo. Mimi niliona mwanga, wenzangu wote walikuwa wanaona kitambaa cheupe kisicho na pindo, kimenyooshwa nyuma ya mtu mzee aliyevalishwa nguo yake nzuri na kuambiwa asitikisike.

Wanaume wakaanza kuingia kutoka kwenye malori. Wengine walikuja kwa udadisi tu, chapati mkononi, lakini uani pale palikuwa padogo na mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yao. Mmoja akasema aitwe mwenyekiti wa kitongoji. Mwingine akasema mwenyekiti wa nini, mambo kama haya yanajulikana yanavyomalizwa. Sikuuliza yanamalizwaje. Nikajikuta nawaza kitu cha kipuuzi, kwamba viatu nilivyovaa havifai kukimbilia.

"Futa," yule mwana akasema. "Nione ukifuta."

Nikafuta picha moja moja, yeye amesimama begani kwangu ananuka grisi na hasira. Mara mbili nilibonyeza pasipo penyewe. Kila uso wa mama yake ulipotokea kwenye kioo cha kamera aligeuza macho pembeni, na nikaelewa kwamba yeye naye anaogopa, pengine kuliko mimi. Yule mama mwenyewe, aliyekuwa ananitania dakika chache nyuma, aliinuka kitini haraka kuliko umri wake, akaingia ndani na kufunga komeo. Lile komeo liliniumiza kuliko maneno yote.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda aliyenileta. Alikuwa anasubiri nje, akawasha pikipiki, akaisukuma hadi mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayechelewa, "Mama, panda, mimi nina abiria mwingine." Nikapanda. Shuka lilibaki limening'inia, akatokea mtu akalivuta na kunirushia mapajani. Njiani tembo walikuwa wanavuka, wakubwa kwa wadogo, kijana akazima pikipiki tukasubiri. Mimi ninayeogopa hata mbuzi mwenye pembe, sikuwatazama tembo. Nilikuwa nimegeuka nyuma, naiangalia pikipiki nyingine iliyokuwa inatufuata tangu Mikumi. Ikatukuta. Alikuwa mama mmoja na kuku wake wawili.

Kamera niliifunga kwenye lile shuka, nikaitia ndani ya sanduku la nguo. Dukani hali ikawa mbaya. Wateja wa siku zote walivuka barabara kwenda duka la ng'ambo, na walioingia kwangu waliagiza dawa wakiwa wamesimama upande, kama mtu anayekwepa kamera hata kama kamera haipo. Mtu akishasemwa hivyo huku kwetu, anajua mwisho wake unaweza kuwa wa namna gani. Nilianza kufunga mapema. Nikisikia watu wameongea kwa nguvu barabarani, nilisimama nyuma ya kabati hadi wapite.

Ikawa katika siku hizo baba akaniita Kimamba.

Baba ni mstaafu wa reli ya zamani. Babu yangu alikuja kutoka mbali kujenga maisha kwenye mashamba ya mkonge, baba akaingia reli, na wote wawili hawakuwahi kuondoka tena. Alikuwa anaumwa kwa muda, akisema ni mambo ya mkojo tu, hadi mama akanieleza jikoni kwa kunong'ona kwamba ni tezi dume na amepangiwa kupasuliwa Dodoma. Nilipoingia sebuleni nikamwamkia, aliitikia, halafu hakunipa hata nafasi ya kuuliza hali.

"Umekuja na kamera?"

"Hapana, baba."

"Iko wapi?"

"Iko sandukuni."

"Jumamosi uje nayo. Nataka picha kabla sijasafiri."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima. Nikasema, "Baba, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Naogopa."

Mama akaingilia. "Anaogopa yale wanayosema."

"Najua wanayosema," baba akasema. "Wanasema mwanangu mchawi. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwanangu naye amekubali."

Nikaanza kulia. Ndiyo, sehemu fulani ndani yangu ilikuwa imekubali. Baba hakunibembeleza. Alinikumbusha rafiki yake mwingine wa reli, aliyezikwa bila picha, wakaenda kukuza ile ndogo ya kitambulisho cha kupigia kura. Ilitoka uso umetawanyika kama uji uliomwagika, jicho moja limefumba, na watu wakapita mbele yake wakiuliza huyu ni nani. "Yule uliyempiga picha alizikwa na sura yake," alisema, "kwa sababu yako. Mimi nikibaki Dodoma, mtanitafutia sura wapi?"

Hapo nikabanwa pande zote mbili. Nikimpiga picha na asirudi, nitakuwa nimemuua baba yangu, na Kilosa nzima itajua, na mimi mwenyewe nitajua. Nisipompiga na asirudi, ataongozwa kaburini na uji uliomwagika. Wiki ile sikula. Nilipima vidonge vya watu mara mbili mbili kwa kuogopa kukosea.

Jumamosi nilifika na kamera, na kitenge cha bluu nilichokusudia kukitundika badala ya shuka. Nikakuta uani pamejaa. Baba alikuwa ameita majirani na watu wa kanisani waje kumwombea safari. Tuliomba, tukaimba, na watu walipoanza kutafuta viatu vyao baba akainua mkono. "Msiondoke. Binti yangu ananipiga picha." Akachukua kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya mlango, akakaa. Nikaanza kutundika kitenge.

"Hicho cha nini?" akauliza. "Lile jeupe liko wapi?"

"Baba."

"Tundika lile jeupe. Wakione wanachokisema."

Lilikuwa bado limeizungushia kamera mkobani; nikalikunjua, nikalitundika. Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja, bila kuambiana. Mama alikuwa amesimama karibu na chungu cha maji, ameshika ukingo wake. Mimi nikainamia mkoba wa kamera kana kwamba natafuta kitu, na nikiwa nimewapa watu mgongo nikaichomoa ile kadi ndogo inayotunza picha, nikaifunga kwenye pindo la khanga niliyojitanda. Sikuwa nimepanga. Mkono ulifanya wenyewe. Kamera yangu inakubali kulia hata ikiwa tupu, na nani pale angejua?

Nikamtazama baba kupitia kioo. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kola ngumu, mikono juu ya magoti, kidevu juu kidogo. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona katika kamera ile, na haikuwa inakwenda popote. Nikabonyeza. Ikalia. Nikabonyeza tena na tena, kila mlio ukapita uani kama kokoto, na mtoto mmoja akaanza kulia akaondolewa. "Tayari?" baba akauliza. Nikasema tayari. Akainuka, akawaambia watu karibuni chai.

Tulikwenda Dodoma kwa treni ya umeme, kutoka stesheni mpya ya Kilosa. Baba alikaa dirishani akiisema ile reli mpya njia nzima, haina kelele, haina moshi, dereva hatoi hata salamu ya honi. Mimi nilikuwa natabasamu na kuitika. Hospitali walimpokea, na asubuhi waliyomwingiza chumba cha upasuaji mimi na mama tulikaa kwenye benchi la mbao koridoni.

Nilidhani kwa kuchomoa kadi nimejiwekea kinga. Pale benchini kinga yote iliyeyuka. Nilijaribu kumwona baba usoni, kichwani mwangu, na nikashindwa. Kila nilipofumba macho ilikuja ile picha ya kitambulisho cha mtu mwingine, jicho moja limefumba. Nikawaza watu wa Kimamba wakiniomba picha, ile waliyoiona wote ikipigwa, na mimi nasimama mbele ya kaburi mikono mitupu. Mama aliniona natetemeka, akadhani ni baridi ya Dodoma, akanipa nusu ya khanga yake. Muuguzi alipofungua mlango na kuita, "Ndugu wa mzee wa Kilosa!" sikuweza kuinuka. Mama ndiye aliyekwenda. Nilimwona anasikiliza, anaitikia, anaitikia tena, halafu anakaa chini sakafuni na kuanza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa hadi akaambiwa anyamaze.

Baba alirudi Kimamba amekonda, anatembea kwa kujishika, lakini amerudi. Na maneno yakageuka kwa kasi ileile yaliyokuja nayo. Amepigwa picha na shuka jeupe, mbele za watu, akapasuliwa, na huyo hapo anadai ugali mgumu. Wateja wakavuka barabara kurudi upande wangu. Yule wa ndizi akaja na kicheko chake, akasema alikuwa anatania tu siku ile, na je, ningeweza kwenda kumpiga picha baba yake? Nikamwambia nitakwenda. Watu wote wale walikuwa wameona ushahidi isipokuwa mimi niliyeutengeneza. Kwangu mimi hakuna kilichothibitika. Baba hakupigwa picha, na baba amerudi, na hofu yangu ikapata meno mapya, maana sasa ilikuwa na hoja.

Kila nilipokwenda kumsalimia aliniulizia picha yake. Nikasema bado iko Morogoro. Nikasema mashine yao imeharibika. Nikasema naitafutia fremu. Aliitikia tu kila mara na kuendelea na redio yake.

Siku moja mchana nikamkuta yuko uani peke yake, mama amekwenda shambani. Alikuwa anaburuta kile kiti chake taratibu kwenda mlangoni. Nikakimbia kumpokea, akakataa.

"Una kamera kwenye huo mkoba?"

"Ninayo."

"Itoe."

"Baba, tulishapiga."

"Tuliwaonyesha watu," alisema. Akakaa, akapumzika kwanza, mkono tumboni. "Kile kikadi ulikifunga kwenye pindo la khanga. Nilikuona."

Sikujua niangalie wapi. Siku nilipoinunua ile kamera nilikuwa nimemfungulia nikamwonyesha kila kitu, kadi ikiwemo, kwa majivuno, na nilikuwa nimesahau. Nikapiga magoti pale mbele yake nikamwomba radhi, kwamba nilimpeleka Dodoma na uongo, kwamba angefariki ningemzika bila sura. Aliniacha nimalize.

"Inuka. Unajua nilipokuona unakitoa nilifanya nini?"

"Ulikasirika."

"Nilishusha pumzi." Alikuwa anaongea huku anatazama mlango wa uani, si mimi. "Wiki nzima ile nilishamwambia mama yako nguo za kunivika ni zipi, na kuku apewe nani. Nilikaa hapa kwa sababu walikuwa wanakusema, na nilijua siku moja watakuja dukani kwako. Lakini mwanangu, magoti yalikuwa yanagongana ndani ya suruali. Kwa nini unadhani niliyashika hivi? Nilipoona kadi imetoka, nikasema, Mungu mkubwa, leo sifi."

Niliinuka, nikayatazama magoti yake. Ile mikono juu ya magoti, niliyoiona kwenye kioo na kuiita heshima.

"Sasa iweke," alisema.

"Bado naogopa, baba."

"Na mimi naogopa. Sana. Ndiyo maana nimesubiri mama yako atoke." Alifunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha kola kwa kidole. "Ukishanipiga mimi kweli, nikaamka kesho, utaweza kwenda kwa wengine. Iweke, kabla sijarudi ndani."

Shuka sikulikumbuka, wala yeye hakulitaja. Nyuma yake ulikuwepo mlango tu, rangi yake ya kijani imebanduka. Nikaitia kadi, nikaisikia imekaa, nikainua kamera. Baba alikuwa ameshika magoti na kufumba macho yote mawili kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano.

"Fumbua macho, baba," nikamwambia.

Alichukua muda. Alipoyafumbua hakuitazama kamera, alinitazama mimi, nami nikabonyeza huku nalia.